Mtoto Akihama, Haki Zake Zihame Naye

Wananchi wenzangu wa Isiolo,

Mji wetu ni mji wa watu wanaohama. Barabara ya Moyale imepita katikati yake, na kila siku inashusha watu na kupakia wengine: mwalimu aliyepewa uhamisho, mwanajeshi aliyeletwa kambini na familia yake, mfanyabiashara anayefuata soko, mfugaji aliyefilisiwa na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ikipita bila mvua ya kutosha. Tumezoea kuwapokea. Mgeni akiulizia nyumba ya kupanga Bula Pesa au Kambi Garba, anaelekezwa. Akiulizia msikiti au kanisa, anasindikizwa mpaka mlangoni. Lakini akituambia, "Nina mtoto mwenye mahitaji maalum, nimpeleke wapi?" wengi wetu tunabaki kutazamana.

Ninawaandikia kuwaomba tulitafutie swali hilo jibu, tena jibu la mji mzima, lisilotegemea bahati ya mgeni kukutana na mtu anayejua.

Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Familia nyingi hulipia haki hiyo kwa usumbufu wa siku chache. Familia yenye mtoto mwenye ulemavu huweza kuilipia kwa afya ya mtoto mwenyewe. Mtoto mwenye kifafa akikatiziwa dawa ghafla kwa sababu familia iko njiani na kliniki mpya haina faili yake, kifafa kinaweza kumrudia kwa nguvu ya kuhatarisha uhai wake. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalum vya usiku kwa miaka kadhaa. Ratiba hiyo ikivunjika, nyayo huanza kupinda tena. Mwenye mtindio wa ubongo akikosa mazoezi ya viungo, maungio hukaza, na kuyakunjua ni kazi ngumu kuliko kuyazuia yasikaze. Mtoto anayetumia kifaa cha kusikia huhitaji kile kipande cha sikioni kitengenezwe upya kadiri sikio linavyokua. Mwenye usonji hutegemea siku yenye mpangilio anaoujua. Nyumba, njia, sauti na nyuso zikibadilika zote kwa pamoja, anaweza kurudi nyuma hata katika mambo aliyokuwa ameshayamudu.

Kwa nini kuvuka mpaka wa kaunti kuvuruge mambo kiasi hiki katika nchi moja? Jibu limo katika namna tulivyogawanya kazi. Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali za kaunti na shule za chekechea ziko chini ya serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba likaziacha shule za msingi, shule za upili na elimu maalum mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mambo ya shule ya mtoto yako upande wa serikali ya kitaifa, na mambo ya matibabu yake yako katika hospitali ya kaunti aliyoiacha. Anayebaki kuyaunganisha ni mama, akiwa na mtoto mgongoni na bahasha ya karatasi mkononi, akitoka ofisi hii kwenda ile. Karatasi moja ikipotea, anaambiwa aanze upya: tathmini upya, foleni upya, maelezo yale yale kwa mtu mwingine.

Haki tayari zimeandikwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu na kupata vifaa vya kumwezesha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya ulemavu wake. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni ya taifa zima. Iliyotolewa Kisumu ni halali Isiolo. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo wengi wanavijua kama EARC, vimekuwapo nchini tangu 1984, na ripoti ya kituo humsaidia mtoto kupata nafasi katika shule maalum au katika yuniti ndani ya shule ya jirani. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu zilizohifadhiwa na taasisi, na mzazi hutumia haki hiyo kwa niaba ya mtoto wake. Mzazi anayeomba nakala ya faili hospitalini hajaomba fadhila.

Tusidhani pia kwamba jambo hili linawahusu wageni peke yao. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humu watu 268,002. Kutoka Merti hadi Isiolo mjini ni safari ndefu. Mtoto wa Merti anayeletwa mjini kutafuta tiba amehama, ingawa hajatoka katika kaunti yake. Mtoto wa mfugaji ambaye familia yake inafuata malisho huhama mara nyingi kuliko mtoto wa mwalimu, na asipoweza kutembea huachwa kwa bibi, mbali na shule na mbali na zahanati. Tuna Shule ya Viziwi ya Isiolo, na hiyo ni hazina. Lakini wapo watoto wetu wanaokwenda kusoma Meru, katika Shule ya Viziwi ya Kaaga au ya wasioona ya St. Lucy's kule Igoji. Hao ni wahamiaji wetu sisi. Tunavyotaka wapokewe huko, ndivyo tuwapokee wa wenzetu hapa.

Najua jibu linalokuja haraka: rasilimali ni chache, tuanze na wetu. Lakini wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Meza ya kumpokea mtoto anayeingia leo kutoka Marsabit itamhudumia pia mtoto wa Ngare Mara aliyezaliwa hapa na hajawahi kufanyiwa tathmini kwa sababu wazazi wake hawakujua waanzie wapi. Sensa ya 2019 ilitoa takwimu za ulemavu za watu wa umri wa miaka 5 na zaidi. Walio chini ya hapo, ambao wangefaidika zaidi na tiba ya mapema, hawamo katika hesabu hiyo. Mipango inayoegemea takwimu hizo pekee inawasahau. Tukifungua mlango kwa ajili ya wanaohamia, wetu waliofichwa ndani ya nyumba watatoka nao.

Basi tufanye nini?

Wazazi, kabla ya kuhama, kusanyeni karatasi za mtoto katika faili moja: cheti cha kuzaliwa, ripoti ya tathmini, barua ya rufaa, kadi ya ulemavu, majina ya dawa na vipimo vyake, mazoezi aliyopewa na tabibu wa viungo. Ombeni dawa za kutosha hadi mtakapopata kliniki mpya. Ongezeni ukurasa mmoja mlioandika wenyewe: anavyowasiliana, kinachomtisha, kinachomtuliza, anachoweza kufanya bila msaada. Mwalimu mpya atajifunza mengi humo ambayo ripoti haikuyasema. Kama mtoto yumo katika Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za msaada wa serikali, ijulisheni ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kuondoka, ili malipo yasikwame.

Walimu wakuu, mpokeeni mtoto kwanza, kisha tutafute karatasi zinazokosekana mtoto akiwa darasani. Wiki anazokaa nyumbani akingoja muhuri hazirudi.

Wazee wa mitaa na machifu, familia mpya ikifika, ulizeni kwa heshima kama ina mtoto anayehitaji msaada wa pekee, kisha mwelekezeni mzazi kwa mtu anayejulikana, kwa jina na nambari ya simu. Maimamu na wachungaji, mna sauti ambayo ofisi haina. Semeni mimbarini kwamba ulemavu si laana wala adhabu, na kwamba kumficha mtoto ni kumnyima haki yake. Vyama vya akina mama, mfanyeni mama mgeni mwenzenu tangu wiki ya kwanza. Wenye nyumba za kupanga, msimfukuze mpangaji kwa sababu mtoto wake hupiga kelele usiku. Vijana wa bodaboda, mnajua njia zote. Mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea anahitaji dereva mwenye subira.

Serikali ya kaunti tuiombe mambo mawili, tena kwa maandishi. La kwanza ni dawati moja katika Hospitali ya Rufaa ya Isiolo, lenye afisa mmoja anayefanya kazi bega kwa bega na maafisa wa elimu wa serikali ya kitaifa, ili mzazi aeleze habari za mtoto wake mara moja, na tathmini, kliniki, shule na usajili vifuatiliwe kutoka hapo. La pili ni kliniki ya viungo na tathmini inayofika Merti na Garba Tulla kwa ratiba inayotangazwa mapema, ili watu waipange safari yao na ya mifugo yao.

Maombi haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji kuingizwa kwenye bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya bajeti kupitishwa, umma lazima ushirikishwe. Vikao hivyo hujaa watu wanaodai barabara, maji na basari, na ni haki yao. Wazazi wa watoto wenye ulemavu huonekana mara chache, kwa sababu hawana wa kumwachia mtoto. Jirani, siku hiyo mwangalie mtoto mama yake aende. Au nendeni pamoja naye, mtoto akiwemo, wakubwa wamwone huyo anayezungumziwa.

Tuna wadi 10. Kila wadi iwe na kundi la wazazi na majirani wanaojuana, wenye orodha ya watoto wanaohitaji huduma, inayotunzwa kwa siri na kwa idhini ya wazazi wao, na wenye barua moja ya maombi hayo mawili. Mwakilishi wa wadi apewe nakala mkononi, mbele ya watu, na aulizwe jibu lake katika mkutano unaofuata. Asipojibu, aulizwe tena.

Kazi hii inaweza kuanza katika baraza lijalo la chifu. Mmoja wetu asimame alitaje jambo hili, na waliokaa karibu naye wasimame pamoja naye. Familia itakayoshuka kwenye basi mwezi ujao ikikuta Isiolo ina jibu, tutakuwa tumeiheshimu Katiba yetu, na watoto waliozaliwa hapa watakuwa wamepata haki waliyokuwa wakiidai siku zote.