Taa ya injini ikiwaka, mlipe fundi kwanza afikirie

Kama una gari na unaishi Donholm, hii stori unaijua. Uko Outering asubuhi, foleni haisongi, halafu ile taa ya manjano yenye picha ya injini inawaka kwenye dashibodi. Swali la kwanza huwa si la gari, ni la mfuko: leo ni tarehe ngapi?

Mimi ilinipata mwaka jana. Fundi alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akatazama simu yake, akasema, "Bosi, ni P0171. Hiyo ni sensa ya oksijeni." Sikubisha. Nikatoa Sh8,000, sensa ikabadilishwa, taa ikafutwa. Siku tatu baadaye, nikikata kona kuingia Savannah, ikawaka tena. Namba ile ile.

Fundi wa pili hakukimbilia kununua kitu. Alifungua boneti, akasikiliza injini ikinguruma, akapitisha mkono kwenye mipira ya hewa. Mmoja ulikuwa umepasuka. Mpira mpya? Sh300.

Shida ni kwamba P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Huenda mpira unavuja, filta ya petroli imeziba, ama pampu imechoka. Sensa ndiyo iliyopiga ripoti. Tulimfunga shahidi, mwizi akabaki nje.

Ama chukua P0301. Inasema silinda ya kwanza haichomi petroli sawasawa, lakini haisemi kama ni plagi, koili au injekta. Fundi makini atahamisha koili ya silinda ya kwanza aiweke kwa ya pili, kisha awashe gari. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili imejitaja yenyewe. Hapo hakuna hata bob iliyotumika.

Sasa, ni rahisi kusema mafundi wote ni wezi. Mimi nakataa. Sisi wateja tuna makosa pia. Fundi akikuambia, "Nipe elfu moja nipime kwa saa moja," unamwona anakubeba ujinga. Lakini akitoa kifaa kwenye boksi jipya, unatuma M-Pesa bila swali. Tumemfundisha kwamba kufikiria hakulipi, kinacholipa ni kubadilisha vifaa. Halafu tunashangaa akibadilisha vifaa!

Na wanaoumia zaidi ni vijana wenzetu wanaoendesha teksi za app. Gari likilala gereji siku mbili, mwenye gari bado anadai hesabu yake, na mkopo wa sacco hausubiri. Kwa msee kama huyo, kubahatisha kunaweza kumaliza kazi.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Kabla boneti haijafunguliwa, uliza bei ya kupima peke yake, na ulipe bila kulalamika. Fundi akitaja kifaa, muulize kwa heshima, "Umejuaje ni hicho?" Akikuonyesha alichopima, nunua. Akijibu tu kwamba simu imesema, tafuta maoni ya pili. Piga picha namba zote kabla hazijafutwa, kwa sababu kufuta bila kurekebisha ni kama kumeza dawa ya maumivu na jino bado limeoza. Na taa ikiwa inapepesa, usijifanye ngangari: punguza mwendo, tafuta mahali salama, simama. Petroli isiyochomwa inaweza kuunguza katalitiki kwenye ekzosi, na bei ya hiyo itakutoa machozi.

Vifaa vya kusoma namba siku hizi ni bei ya chini, na hata wewe unaweza kujinunulia kimoja. Ni sawa. Lakini kusoma namba si kupima gari. Fundi anayejua tofauti hiyo yuko mtaani. Tukianza kumlipa kwa akili yake, wengine watajifunza haraka.