NDANI YAKE IKO NGAPI?



Tunapenda kuleta neno moja ambalo haliko sana katika programu ya darasa, lakini liko sokoni kila siku. Ni neno la vipimo vya zamani: dazeni, grosi, rimu, yadi, ratili, kopo na fungu. Kuko wandugu wanaosema kwamba hayo ni mambo ya babu. Wanasema dunia imekwisha kuingia katika kilo na metre, na anayeshindwa hesabu atoe simu yake mufukoni. Sisi tunasema hapana. Vipimo hivi havikufa hata kidogo. Vingali vinatembea kutoka Kasindi mpaka Kanyabayonga, na vinakula feza ya yule asiyejua ndani yake iko ngapi.

Tuanze na vile vinavyojulikana. Dazeni ni vitu 12. Kwa nini 12 na si 10? Kwa sababu 12 inakubali kugawanywa kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6, lakini 10 inakubali 2 na 5 tu. Mama mwenye mayai 12 anaweza kuwagawia watoto watatu ao wanne bila ugomvi. Dazeni 12 zikiwekwa pamoja zinaitwa grosi, ndiyo 144. Vifungo vya nguo na kalamu za risasi zimetembea katika grosi tangu zamani. Nusu grosi ni 72, robo grosi ni 36. Anayejua mara 12 kwa kichwa hapati shida hapo, lakini mara 12 ndiyo ile wengi wetu tuliiruka kwenye masomo ya musingi.

Watu wa pwani walikuwa na korija, ndiyo vitu 20, nao walihesabia nguo kwa njia hiyo. Walikuwa na kibaba na pishi kwa nafaka: vibaba 4 ni pishi 1, na pishi moja ni karibu kilo 3 kasoro kidogo. Walikuwa na frasila kwa pembe za ndovu na karafuu, nayo ni karibu kilo 16. Wachuuzi wao walifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, wakaleta luga hii tunayoandika. Sisi tuliokota luga, vipimo vikabaki njiani. Hata leo tunasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ukiuliza darasa zima kibaba ni kiasi gani, wote wananyamaza.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Hatari ya kipimo haitoki kwenye uzee wake. Hatari ni pale jina ni moja na hesabu ni mbili.

Tazameni rimu ya karatasi, kama ile inayotoa gazeti letu hili. Leo rimu ni karatasi 500. Wafaransa waliigawa katika mafungu 20 ya karatasi 25. Lakini rimu ya zamani ya Waingereza ilikuwa mafungu 20 ya karatasi 24, ndiyo 480. Jina ni lile lile, na karatasi 20 zimepotea. Hakuna aliyeiba, lakini asiyeuliza amepoteza.

Vile vile na dazeni. Tuseme muuzaji anakuambia daftari ni franka 12.000 kwa dazeni. Unahesabu upesi: franka 1.000 kwa daftari moja, ni bei nzuri. Ukifika nyumbani unafungua pakiti, unakuta daftari 10. Kumbe umelipa 1.200 kwa moja. Muuzaji atasema kwamba pakiti ndiyo dazeni yake. Simu yako ilijua kugawanya, lakini haikuweza kuona ndani ya pakiti. Ni jicho lako na kinywa chako vilivyopaswa kufanya kazi.

Tena kuko yadi. Vitenge vya mama zetu havikatwi kwa metre, vinakatwa kwa yadi, na yadi moja ni sentimetre 91 na nusu karibu. Pesi nzima ni yadi 12, nusu pesi ni yadi 6, na kitambaa kimoja cha kuvaa ni yadi 2. Mutu akifikiri kwamba yadi 6 ni metre 6, anajidanganya: ni metre 5 na sentimetre 49. Katika pesi nzima anakosa zaidi ya metre moja. Fundi wa nguo akikuambia kitambaa hakitoshi mikono ya blauzi, usimugombeze mbele ya kupima.

Wazazi wa wengi wetu wanalima kahawa. Bei ya kahawa ya arabika inatangazwa New York kwa ratili, si kwa kilo. Ratili moja ni gramu 454 karibu, na kilo moja ni ratili 2 na kitu, tuseme 2,2. Mukulima akisikia redioni kwamba bei ni dola 2, atafikiri ni kwa kilo. Kumbe dola 2 kwa ratili ni dola 4 na senti 40 kwa kilo. Ni kweli, kati ya mulima wetu na New York kuko usafiri, kodi, na kazi ya kukoboa na kuchagua, kwa hiyo hawezi kulipwa yote hiyo. Lakini mukulima anayejua 4,40 ataongea na munuaji kwa namna ingine kuliko yule anayefikiri 2. Na robusta ya upande wa Beni inatangazwa London kwa tani. Mutu akilinganisha namba hizo mbili bila kugeuza kipimo, anapata kizunguzungu tu.

Hata kwenye zahabu, wale wanaokwenda Manguredjipa wanajua. Kule porini watu wamezoea kupimia kwa vijiti vya kibiriti na sarafu za zamani. Kiisha kuko tola, karibu gramu 11,66, na kuko aunsi ya zahabu, gramu 31,1. Aunsi hiyo si ile ya vitu vingine, yenye gramu 28,35. Kati ya kijiti cha kibiriti na aunsi kuko mikono mingi, na kila mukono unajua kugeuza kipimo kuliko yule aliyechimba.

Lakini kipimo kinachotugusa sana ni kopo, ile kopo ya maziwa ya watoto tunayoita Guigoz. Maharagwe, muchele, unga, karanga, vyote vinapita ndani yake. Hatusemi kopo ni zambi. Mizani ni bei kali, na mama wa soko hawezi kuibeba kutoka Masereka ao Kipese pamoja na muzigo wake. Kopo ni nyepesi na kila jicho linaiona. Shida ni kwamba kopo moja ina sura tatu. Iko kopo ya kilima, iliyojazwa mpaka inamwagika. Iko kopo ya kukata, iliyopanguswa juu kwa kijiti. Na iko kopo iliyogongwa chini, mpaka tako lake limepanda ndani.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia moja ya maharagwe ina kopo 100 za kukata. Munuaji anafika kwa mukulima, anapima kwa kilima, na kila kilima kinaongeza sehemu moja kwa tano. Gunia itatoa kopo 83 tu, na mukulima atalipwa 83. Munuaji anafika mujini, anatoa kopo iliyogongwa, inayobeba sehemu tisa tu za kumi. Gunia ile ile inatoa kopo 111. Alinunua 83, anauzisha 111. Kopo 28 zimezaliwa njiani bila jembe na bila mvua. Na bei ya kopo haikupanda hata franka moja! Ndiyo maana mama anasema bei ni ile ile, lakini sufuria haijai.

Nani anaumizwa zaidi? Anayenunua gunia nzima anaweza kuipandisha kwenye mizani. Anayenunua kopo moja kwa chakula cha jioni hana mizani. Tangu vita vilipofika Kanyabayonga katika mwezi wa Juni 2024, jamaa nyingi ziliacha mashamba yao, zikapanda mpaka kwetu na mpaka Butembo. Watu hao walikuwa wanauzisha maharagwe kwa gunia. Kufika hapa wakaanza kununua kwa kopo. Kila kopo iliyogongwa inawapiga mara ya pili. Ju ya hiyo tunasema kwamba neno hili si muchezo wa hesabu.

Wengine watajibu kwamba wazazi wetu hawakusoma, kwa hiyo hawawezi kugeuza vipimo. Si kweli. Katika mwaka 1967 walipewa zaire moja mahali pa franka 1.000. Katika mwaka 1993 walipewa zaire mupya moja mahali pa zaire 3.000.000 za zamani. Katika mwaka 1998 walipewa franka moja ya Kongo mahali pa zaire mupya 100.000. Wamama wasioingia darasani hata siku moja waligawanya kwa milioni tatu wakiwa wameketi kwenye mukeka, na soko lilifunguliwa kesho yake. Akili haikukosa. Kinachokosa ni kuambiwa mbele, waziwazi, ndani yake iko ngapi.

Wengine watasema kwamba ukikaza kipimo unaua urafiki wa soko, kwa sababu muuzaji mwema anaongeza konzi moja juu. Sisi pia tunapenda nyongeza! Lakini nyongeza inakuja juu ya kipimo kilichojaa. Konzi inayorudisha kile kilichopunguzwa si nyongeza, ni deni linalolipwa nusu.

Masomo yetu ni ya kanisa, na kila asubuhi tunasoma Neno. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aligombeza wafanyabiashara waliopunguza efa na kuongeza shekeli. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, shekeli ilikuwa uzito wa kupimia feza. Maana yake walitoa kidogo na kupokea kingi, sawasawa na kopo ya kilima na kopo iliyogongwa. Tusifikiri nabii alisema na watu wa sokoni peke yao. Katika bweni letu kuko wandugu wanaouzisha karanga na sukari usiku, na kopo zao tunazijua. Mutu hawezi kuimba katika korali siku ya Mungu na kupimia ndugu yake kwa kopo iliyogongwa siku ya kwanza ya juma.

Kwa hiyo sisi wakubwa wa wanafunzi tunaomba mambo manne.

La kwanza, kopo ya gala ya bweni iwe moja tu, isiyogongwa, ifungwe kwa kamba kwenye mulango. Maharagwe ya muzazi yanapoingia na maharagwe ya mupishi yanapotoka yapimwe kwa kopo hiyo hiyo, ya kukata, mbele ya macho ya wote.

La pili, tunamuomba Bwana Prefe kwa heshima aturuhusu kukopa mizani ya maabara mara moja kwa muhula, ili kilo za kopo hiyo ziandikwe kwenye ukuta. Kilo za maharagwe na kilo za muchele haziwezi kuwa sawa, kwa hiyo ziandikwe zote mbili.

La tatu, tunawaomba walimu wa hesabu watupe mazoezi ya yadi, ratili na grosi, hata kama mutihani wa Serikali hauyaulizi.

La ine, kila mwanafunzi anakili orodha hii na kuipeleka nyumbani wakati wa livu, amusomee mama yake na baba yake:

Dazeni 1 = vitu 12
Grosi 1 = dazeni 12 = vitu 144
Rimu 1 = karatasi 500
Yadi 1 = sentimetre 91,44
Yadi 6 = metre 5,49
Ratili 1 = gramu 454
Kilo 1 = ratili 2,2
Tola 1 = gramu 11,66
Aunsi ya zahabu 1 = gramu 31,1

Mwisho, tunataka kila mutu wa masomo haya ajizoeze kuuliza ulizo moja mbele ya kuuliza bei. Usianze na kusema ni franka ngapi. Anza na kusema ndani yake iko ngapi. Muuzaji wa haki hatakasirika, atafungua pakiti na kukuonyesha. Na wewe utakapouzisha, fungua mbele ya kuulizwa.

Kwa niaba ya wakubwa wa wanafunzi,
Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho