Mtoto Mwenye Usonji na Kifo cha Paka Wake

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) habari ya mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Katika mapokezi ya Abu Daud tunaelezwa kuwa ndege yule alikufa. Mtume (S.A.W.) alipoingia nyumbani kwao akamwona mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, alipoelezwa, akamwita kwa kuniya yake na kumuuliza habari za ndege wake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, alitoa katika hadithi hii fupi mafunzo yapatayo sitini. Mimi leo nashika moja tu: Mtume (S.A.W.) hakusema, "Huyo ni ndege tu."

Ndugu msomaji, nawakusudia wazazi wa watoto wenye usonji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na hali hii. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Si pepo wala laana. Kwa mtoto wa namna hiyo, paka aweza kuwa rafiki asiyemchosha kwa maswali wala kumlaumu kwa kutomtazama usoni.

Paka akifa, watu wazima hukimbilia maneno ya kupoza: "Amesafiri", "Amelala". Lakini watoto wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyo. Aliyesafiri hurudi, basi mtoto atangoja mlangoni kila jioni. Aliyelala huamka, na huenda mtoto akaanza kukiogopa kitanda chake mwenyewe. Isitoshe, huo ni uongo. Mama yake Abdullah bin Amir alimwita mwanawe aje ampe kitu, Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo.

Basi aambiwe: "Paka amekufa. Hapumui, hali, hasikii maumivu. Hatarudi." Maneno yawe machache, na yawe yaleyale kila anapouliza, hata mara ishirini kwa siku, huenda kuuliza huko ndiko kulia kwake. Wengine hawatoi chozi, jirani akadhani hawajali, kumbe huzuni huja baada ya wiki kadhaa kwa kukosa usingizi au kukataa chakula.

Mzoga usitupwe jalalani usiku. Kumzika paka kunaruhusiwa, bila josho, sanda wala sala. Mtoto aonyeshwe kwanza kwa picha yatakayofanyika: shimo, udongo, kurudi nyumbani. Akitaka kugusa manyoya mara ya mwisho, aachiwe, kisha anawe mikono, kwani mzoga ni najisi. Asiyetaka asilazimishwe.

Mbuzi wa Idd el-Hajj naye ana mtihani wake. Mtoto aambiwe tangu siku mbuzi anapoingia uani kuwa ni wa kuchinjwa, na siku zihesabiwe kwenye kalenda. Bora zaidi, kwa maoni yangu, anunuliwe karibu na sikukuu, kabla hajapewa jina. Wala si sharti mtoto ashuhudie kuchinja.

Na bakuli la paka lisiondolewe kimyakimya. Mtoto aulizwe: tulioshe tuliweke kabatini, au libaki hapa mlangoni wiki hii? Pia hapana haja ya kuhangaika kutafuta paka mwingine wa rangi ileile. Mtoto huyu atamjua kuwa siye.