Samurai, Mkwawa na kitabu cha picha

Sisi huku Texas hatujambo, joto tu ndilo linatusulubu. Wikiendi iliyopita tulikuwa Houston kwa shemeji, saa nne barabarani kutoka Dallas, na huko nyumbani kwake ndiko nilikolikuta hili ninalotaka kuwaambia leo.

Mnakumbuka mwaka juzi nilimtumia mpwa wangu kitabu cha picha za filamu za samurai? Kitabu kizuri, kurasa nene, picha za rangi zinang'aa. Sasa tukiwa mezani kwa shemeji kijana akapiga WhatsApp, ana furaha. "Mjomba, nimewashinda wenzangu darasani! Nimewaambia samurai walikataa bunduki, na Mmarekani ndiye aliyewafundisha jeshi Wajapani." Nikauliza, umeyatoa wapi? "Kwenye kitabu ulichonitumia." Chakula kikanikwama kooni.

Shemeji anacho kitabu hicho hicho. Tukakifungua. Sehemu kubwa ni The Last Samurai, ile ya Tom Cruise ya mwaka 2003. Maelezo chini ya picha yameandikwa kama ya kitabu cha historia: jina la shujaa, mwaka 1877, vita. Hakuna mahali panaposema huyu ametungwa, yule alikuwepo.

Ukweli ni huu. Vita vya 1877 vilikuwepo, na kiongozi wa waasi aliitwa Saigo Takamori. Alikuwa jenerali, mmoja wa walioijenga ile serikali mpya aliyokuja kupigana nayo. Watu wake walianza vita kwa kuvamia maghala ya silaha, wakapigana kwa bunduki na mizinga. Panga zilibaki tegemeo mwishoni, risasi zilipokwisha, mpaka Saigo akafa Kagoshima tarehe 24 Septemba 1877. Wajapani walikuwa na bunduki tangu Wareno walipozifikisha mwaka 1543! Kilichowauma samurai ni hadhi na tumbo: mwaka 1876 serikali iliwakataza kubeba upanga hadharani na ikawaondolea posho zao za kurithi. Na walimu wa jeshi walikuwa Wafaransa. Mmoja wao, Jules Brunet, kweli aliingia vitani upande wa walioshindwa, lakini hiyo ilikuwa 1868 na 1869.

Mtasema, si filamu tu? Sawa, filamu nina ugomvi mdogo nayo. Mtu analipa tiketi akijua anakwenda kudanganywa kwa saa mbili. Lakini kitabu kinachofuata filamu kinakuja na sura ya mwalimu. Kinakaa rafuni miaka, mtoto anakiamini.

Hapa Dallas kuna jumba la makumbusho la samurai, la familia ya Barbier-Mueller, lililofunguliwa 2012. Niliingia siku moja, enzi za kubeba boksi zikiwa zimeshapita, nikaona kofia za chuma, vinyago vya uso na farasi waliovikwa mavazi ya vita. Mbele ya kila kitu kuna kibao: hiki ni cha karne fulani, kimetengenezwa kwa hiki na hiki. Maneno machache tu. Kitabu cha filamu kingeshindwa nini kufanya hivyo? "Mavazi haya ni ya karne ya 16, mwaka 1877 watu hawakuyavaa tena vitani." Mstari mmoja!

Kinachoniuma zaidi ni ile sifa yenyewe. Filamu inawapenda samurai kwa sababu wamebaki na upinde na upanga. Sasa fikirieni mtu atengeneze filamu ya Mkwawa wetu, atoe na kitabu cha picha, Mkwawa ana mkuki tu mwanzo mpaka mwisho, shujaa asiyegusa bunduki. Tungenyamaza? Wahehe walipomshinda Zelewski pale Lugalo mwaka 1891 waliondoka na bunduki kama mia tatu na mizinga. Na Mkwawa mwenyewe mwaka 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe. Kumwondolea bunduki kwa kumpamba ni kumwondolea akili. Wajapani nao wamefanyiwa hivyo hivyo.

Na zamu yetu imeshafika. Siku hizi vitabu na katuni za Yasuke zimejaa, yule Mwafrika aliyefika kwa Oda Nobunaga mwaka 1581 pamoja na padri Valignano. Habari zake za kweli ni kurasa chache: alikuwa na nguvu, mrefu, akapewa posho na nyumba, na bwana wake alipokufa mwaka 1582 akarudishwa kwa mapadri. Basi. Mengine yote ni ya wachoraji. Mimi nampenda kuliko ninyi nyote, lakini sitaki mpwa wangu adanganywe eti kwa sababu uongo huu unatusifia sisi.

Kijana nimeshamwambia arudi darasani akasahihishe. Amenuna. Dada, tafadhali usimtetee! Na siku ukiweza mpeleke Kalenga akalione fuvu la Mkwawa, asome na maelezo yaliyo kando yake. Nauli natuma mimi.

Msalimieni bibi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.