Figo si mchango wa harusi

Kikao kilifanyika Tabata, sebuleni kwa baba mdogo, Jumapili baada ya chakula. Mimi nilikaa pembeni nikifyonza kipande cha barafu, maana siku hizo maji yangu ya kutwa nzima yalikuwa nusu lita. Baba mdogo hakuzunguka. "Dada yenu anatutoka. Nani anatoa figo?" Akaanza kumwangalia mmoja mmoja, vilevile tunavyoandikisha ahadi za harusi. Zamu ikamfikia mdogo wangu, fundi pikipiki, baba wa watoto watatu. Akainama. "Baba, mimi naogopa."

Sebule nzima ikaguna. Mguno ule ninao masikioni hadi leo.

Figo alinipa mdogo wetu wa mwisho, mwaka 2021. Kabla ya hapo nilikuwa nimesafishwa damu mwaka mmoja na nusu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa mshipa wa mkono wa kushoto ulioshonwa kwa ajili ya mashine. Ukiugusa unanguruma kama paka. Madafu niliyaaga, na ndizi pia, kwa sababu potasiamu ikizidi mwilini inaweza kuusimamisha moyo. Kisha siku ile wodini nesi akanyanyua mfuko wa mkojo umejaa, akaniambia, "Mama, huu ni wako." Nililia. Nilikuwa nimesahau kwamba kukojoa ni neema.

Kwa hiyo najua figo ni nini, na bado nasema mdogo wangu aliyekataa hakukosea. Miaka mitatu hakukanyaga kwenye shughuli yoyote ya ukoo. Shangazi mmoja alimwita muuaji mbele ya watoto wake.

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, safari ya India si lazima tena kwa kila mgonjwa. Ni jambo kubwa. Lakini figo zetu hutoka kwa ndugu walio hai, na hapo ndipo tunapoumizana. Mtu mzima wa afya anaombwa apasuliwe kwa faida ya mwingine. Wengi huishi vizuri na figo moja, kwa kuwa inayobaki huongeza kazi. Hata hivyo upasuaji ni upasuaji, na aliyetoa hukaa wiki kadhaa bila kunyanyua kitu kizito. Fundi asiyenyanyua injini hali. Katika kikao kile hakuna aliyeuliza watoto wale watatu wangekula nini.

Ninachoomba ni hiki. Ukoo usiitishe figo hadharani. Aeleweshwe kila mtu peke yake, na daktari, mgonjwa asiwepo, wala mwenye kikao asiwepo. Anayesita ajibiwe kwamba anaweza kuacha hata asubuhi ya upasuaji. Na akiacha, familia iambiwe tu kwamba hafai kutoa, basi. Kuna hospitali duniani zinazofanya hivyo, na naona ni huruma kubwa: vipimo ni vingi, damu, sukari, presha, mishipa, na hakuna shangazi atakayedai kuviona.

Mwezi uliopita nilimfuata gereji. Alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki iliyofunguliwa, boliti zimepangwa kwenye kifuniko cha ndoo. Aliponiona alisimama, akanitazama tumboni, upande wa kulia, ilipo ile figo.

"Dada, inafanya kazi?"

"Inafanya."

Akashusha pumzi ndefu. Akanyoosha mkono anisalimie, akaona grisi, akaukunja na kunipa kifundo cha mkono. Nikakishika, nikakaa nacho hadi mteja wake alipopiga honi.