Tupunguze kikapu, tusipunguze kwenda



Leo tuongee kuhusu kikapu. Sio cha sokoni. Ni kile kinachopita mtaani juu ya kichwa cha mama, kimefunikwa kitenge, na kila mtu anajifanya hajui kuna nini ndani. Tunajua sana! Si tulipanga mstari mmoja siku ya mgao? Ni unga wa mahindi, maharage na mafuta kidogo kwenye chupa. Kukiwa na sabuni, ujue mwenye kikapu ana mtoto anayepata insentivu.

Hapa Nyarugusu kambi ilifunguliwa 1996 kwa ajili yetu Wakongo, na Warundi walianza kufika kwa wingi 2015. Walikuja na neno lao, guhemba, yaani kumtembelea mama aliyejifungua na kumpelekea chakula. Neno hilo hilo ndilo la kumlipa mtu aliyefanya kazi. Kwa hiyo sisi wa kujitolea tunapata insentivu tu, mzazi ndiye anayepata mshahara! Wanyarwanda nao wanalo neno hilo, na kikapu chao, agaseke, kipo mpaka kwenye nembo ya taifa tangu 2001. Sisi Wakongo pia hatuendi kwa mzazi wala harusini mikono mitupu.

Halafu kuna sheria: kikapu hakirudi kitupu. Mwenyeji lazima aweke chochote. Ndiyo maana naamini kuna kilo moja ya maharage kambini hapa imeshahudhuria harusi tatu na uzazi mara mbili, na haijawahi kuona sufuria.

Sasa nije kwa ndugu zetu wa mashirika. Kuna mmoja aliuliza kwenye mkutano: eti kama mnapeana zawadi, si ina maana chakula kinawatosha? Hapana, ndugu. Mgao kamili hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao wetu umeshapunguzwa zaidi ya mara moja. Kikombe cha unga kinachotoka nyumbani ni kikombe ambacho watoto wa nyumba hiyo hawatakula. Kinatoka kwa sababu kesho zamu ni yetu. Hiyo ni benki yetu, haina fomu, haina kuweka kidole, haina "rudi Jumatatu". Na kuna kitu kingine. Mwezi mzima tunaitwa wanufaika, tunapokea tu. Siku ya kikapu ndiyo siku na sisi tunatoa. Usiihesabu siku hiyo kama ziada.

Lakini vijana, na sisi tusemane. Siku hizi kikapu kinafungwa nailoni na utepe, kinapigwa picha, kinawekwa WhatsApp, na watu wanahesabu nani kaleta nini. Wengine wanakopa unga ili kikapu kionekane kimejaa, halafu deni linakula mgao wa mwezi ujao. Na asiyeweza kukopa anabaki nyumbani. Hapo ndipo inaponiuma. Mama anamaliza wiki na mtoto mchanga, mlango haujabishwa hodi, wakati majirani wapo hapo hapo wanaona aibu tu. Njaa tumeizoea. Hili la kuogopana tusilizoee.

Maoni yangu ni haya: tupunguze kikapu, tusipunguze kwenda. Mzazi anahitaji maji kuliko utepe. Nenda na ndoo moja kutoka bombani. Fua nguo za mtoto. Kaa na wale wakubwa wanaolia jikoni, mama apate saa moja ya kulala. Na nyinyi vijana wa kiume, ndoo haijui jinsia, msijifiche nyuma ya mpira.

Wenye nyumba nao, mtu akija na ndoo ya maji mpokeeni kama aliyekuja na mbuzi. Msichungulie nyuma yake kutafuta kikapu. Wazee walishasema, kutoa ni moyo, si utajiri.

Na ile kilo ya maharage, jamani, ikifika kwako, tafadhali ipike.