Kwa nini tabibu wa zahanati anarudi darasani?

Ukifika zahanati ukaambiwa tabibu yuko kwenye mafunzo, usiseme haraka kwamba ametoroka kazi. Tiba hubadilika.

Chukua malaria. Tabibu aliyehitimu Tanzania mwaka 1999 alifundishwa kutoa klorokwini. Mwaka 2001 dawa hiyo iliachwa kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, ikaja SP. Mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri mgonjwa apimwe kwanza, asipewe dawa kwa kukisia homa. Asiyeongeza elimu angebaki kutoa dawa isiyoponya.

Ndiyo maana Kenya daktari hutakiwa kukusanya alama za mafunzo ili leseni yake ihuishwe kila mwaka.

Kijijini kuna kikwazo: tabibu akiwa mmoja, akiondoka wagonjwa wanabaki na nani? Masomo kwa simu husaidia, lakini kumzalisha mama mwenye matatizo hujifunzwa kwa mikono. Halmashauri inayompeleka mtumishi mafunzoni bila kuleta wa kushika zamu inawaachia wanakijiji gharama.

Nawe mgonjwa una lako: kabla ya kupokea dawa ya malaria, uliza kama umepimwa.